Gari kuukuu la spoti nyumbani: anza na kutu na breki, rangi iwe ya mwisho

Kila tunapogusia magari ya zamani kipindini, swali moja hurudi: "Mzee alituachia gari, limekaa bandani miaka mingi. Tulifufue, au tuliuze kama chuma chakavu?" Na wengi wanaouliza huwa wameshapewa ushauri na jirani: lipigeni rangi kwanza lipendeze, mengine yatafuata.

Ushauri huo umemaliza pesa za watu wengi. Gari kuukuu haliuawi na umri wake. Linauawa na kutu, na kukaa bila kutembezwa, na matengenezo yanayoanzia mwisho. Rangi mpya juu ya bati lililooza huanza kuvimba baada ya mvua chache. Breki zilizochoka chini ya rangi hiyo zinaweza kuua mtu siku ya kwanza barabarani.

Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Mfano wetu ni gari la spoti ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka: Datsun 240Z. Kama la kwenu ni Datsun 160J, Peugeot 404 au pikapu ya zamani, endelea kusoma. Mpangilio wa kazi ni uleule, isipokuwa vipimo.

Datsun 240Z ni gari gani?

Ni gari la milango miwili lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Lilitangazwa huko mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya nje likauzwa kama Datsun 240Z hadi mwaka 1973. Injini yake inaitwa L24: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Bloku ni ya chuma, lakini silinda hedi ni ya aluminiamu. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu.

Huku kwetu sifa zake zilitoka kwenye mbio za Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Zilipohamia wakati wa Pasaka, watu walikuwa wakitoka vijijini kwenda kusimama kando ya barabara, kusubiri magari yapite na vumbi lake.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili akiwa na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe na Lofty Drews. Safari hiyo alifungana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za aina ya Violet.

Kwa hiyo gari hili halikuwa pambo la lami tu. Lilivumilia matope, mawe na mito. Hata hivyo, 240Z iliyoshinda tope la Safari inaweza kushindwa na maji yanayodondoka polepole kutoka kwenye paa la banda.

Kwanza amua: lifufuliwe au liuzwe?

Kabla ya kununua hata boliti moja, toa siku nzima kulichunguza gari. Chukua tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa.

Jambo la kuelewa ni hili. Land Rover ya zamani ina chesisi yake, na bodi imefungwa juu yake kwa boliti. Datsun 240Z haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyochomelewa chini ya sakafu ndivyo vinavyobeba injini, magurudumu na watu. Vikioza, gari limevunjika mgongo hata kama injini inalia vizuri.

Angalia sehemu hizi moja baada ya nyingine:

Sakafu ya mbele, upande wa dereva na wa abiria. Nyanyua mazulia yote. Usiridhike kutazama juu tu.

Mihimili iliyo chini ya sakafu. Igongegonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina mlio mkali, bati lililooza lina mlio wa debe lenye mchanga.

Chini ya betri. Tindikali ikimwagika hula kibao cha betri, kisha mhimili ulio chini yake.

Vizingiti vya milango na kipande cha bodi kilicho mbele ya gurudumu la nyuma. Tope hurushwa humo na kukaa.

Chini ya kioo cha mbele. Kuna nafasi inayopokea maji ya mvua na matundu ya kuyatoa. Majani ya mwembe yakiziba matundu, maji husimama na kuozesha bati kwa ndani.

Mlango wa nyuma, na shimo la tairi la akiba. Mpira wa mlango ukichoka, shimo hilo hugeuka beseni.

Sumaku itakusaidia kukamata udanganyifu. Ipitishe juu ya bodi. Mahali inaposhika kwa nguvu pana bati. Mahali inapoteleza bila kushika huenda pamejazwa filla nene, ile dawa ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Mwenzetu mmoja hapa studio aliwahi kununua gari la zamani lililong'aa kama sahani mpya. Wiki ya pili alinyanyua zulia akaona nyasi za uani kwake. Sumaku ya shilingi chache ingemwambia hayo kabla hajatoa pesa.

Chunguza pia karatasi. Nchini Tanzania tafuta kadi ya gari na uthibitishe usajili kwa TRA. Kenya ni NTSA. Kama gari ni la marehemu, malizeni kwanza suala la mirathi kifamilia na kisheria. Tusidanganyane, kuna ndugu wengi wa kimya wakati gari ni chakavu, ambao sauti zao hutoka siku linapowaka.

Ukikuta mihimili imeoza mwisho hadi mwisho, vipuri vingi vimeshaibwa na karatasi hazipo, basi kufufua kunaweza kukufilisi. Hata hapo usikimbilie mizani ya chuma chakavu. Injini, milango, vioo, taa na usukani wa gari kama hili vinatafutwa na wanaofufua mengine. Vipuri vikiuzwa kimoja kimoja huwa na thamani kuliko kilo za chuma.

Magari haya yana heshima hata kwa waliyoyatengeneza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Nissan ya Marekani ilinunua baadhi ya 240Z za zamani, ikazirejesha katika hali nzuri na kuziuza tena kupitia mawakala wake.

Kanuni za usalama ambazo hazina mjadala

Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia tu, haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini. Weka stendi za chuma, au magogo mazito ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa. Matofali ya saruji usitumie kabisa, maana hupasuka ghafla bila onyo. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha litikise gari kabla hujaingia.

Usichomelee karibu na tangi la petroli. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka. Litoe tangi, lipeleke mbali, ndipo kazi ya moto ianze. Toa na betri.

Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa hicho.

Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ni ya moto. Na watoto wakae mbali. Gari lililo juu ya magogo halitofautishi fundi na mtoto anayefuata mpira.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha

Simu uliyonayo mkononi ni kifaa cha kwanza cha kazi hii. Piga picha ya kila sehemu kabla hujaifungua: nyaya zinavyopita, mipira ya utupu kwenye kabureta, springi imekaa upande gani. Boliti ziweke kwenye vifuko au makopo, andika kila kimoja kimetoka wapi. Miezi sita baadaye hutakumbuka.

Usitupe kitu cha asili, hata kikiwa kimevunjika. Kipande kilichovunjika ndicho sampuli ya kutafutia au kuchongeshea kingine. Linda pia kibati chenye namba za gari na namba iliyogongwa kwenye injini. Usizisugue wala kuzipaka rangi nzito, maana wanunuzi wa magari ya zamani huzitazama kwanza.

Hatua ya kwanza: kutu

Kutu ni chuma kikirudi udongoni. Inahitaji vitu viwili, maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana gari la Tanga au Malindi huoza mapema kuliko la Dodoma. Ukiondoa maji, umeizuia kutu kwa sehemu kubwa.

Kutu ya juu juu, ambayo bati chini yake bado ni gumu, unaweza kuimaliza mwenyewe. Isugue kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Paka dawa ya kubadilisha kutu yenye asidi ya fosforasi, ukiwa umevaa glavu na miwani. Ikikauka, paka praima yenye zinki, kisha rangi. Usiache chuma kitupu usiku kucha, maana umande peke yake unatosha kuanzisha kutu upya.

Bati lililotoboka lina dawa moja: kukata sehemu yote iliyooza hadi ufikie chuma kizima, kisha kuchomelea bati jipya. Kubandika bati juu ya bati bovu ni kuficha ugonjwa. Kujaza filla na magazeti ni vibaya zaidi.

Hapa ndipo unapohitaji fundi mzuri wa kuchomelea, hasa kwa mihimili na vizingiti. Mwambie asikate pande zote mbili kwa pamoja. Kwa kuwa bodi ndiyo chesisi, ukikata sakafu na vizingiti vyote kwa mpigo gari linaweza kujipinda, na milango haitafunga tena. Ikate na kuifunga sehemu moja, kisha uhamie nyingine, gari likiwa limeegemezwa sawasawa.

Kazi ikiisha, paka dawa ya kuzuia kutu ndani ya mihimili na vizingiti kupitia matundu yake, na uzibue matundu yote ya kutolea maji.

Hatua ya pili: breki, usukani na matairi

Watu wengi huwasha injini kwanza kwa sababu mlio wake unafurahisha. Sisi tunasema gari lisiloweza kusimama lisipewe nafasi ya kuondoka.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka, maji hayo huleta kutu ndani ya silinda na mirija. Tena maji huchemka kwenye joto la breki, na pedali huzama hadi sakafuni ukiwa kwenye mteremko. Kwa gari lililolala muda mrefu, mwaga mafuta yote. Fungua masta silinda na silinda ndogo za magurudumu, badilisha mipira yake, na ukikuta kuta zake zimechimbika badilisha silinda yenyewe. Mipira inayokwenda kwenye magurudumu ya mbele ibadilishwe hata kama haivuji, kwa sababu huvimba kwa ndani na kuziba njia.

Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya haidroliki isiingie kamwe kwenye mfumo huo, kwani huharibu mipira yote. Baada ya hapo badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. Yakimwagika kwenye rangi osha haraka, maana huibabua.

Pedi na brekshu badilisha kwa jozi, kulia na kushoto. Kagua pia bushi, boljointi na shokapu, pande zote nne.

Kuhusu matairi, usidanganywe na meno. Tairi iliyokaa miaka mingi hukauka na kupasuka hata kama haijatembea. Ubavuni mwa tairi tafuta alama ya DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye zaidi ya miaka 10 itolewe barabarani. Kipimo cha awali cha 240Z kilikuwa 175HR14, na herufi H inaonyesha tairi la mwendo mkubwa. Usiweke tairi yoyote tu iliyoingia kwenye rimu.

Hatua ya tatu: kuiamsha injini iliyolala

Kosa kubwa ni kufunga betri mpya na kupiga stata siku hiyohiyo. Kuta za silinda ni kavu, na ringi huenda zimeshikana. Ukilazimisha unaweza kuvunja ringi au kuchana silinda ambayo ingepona kwa subira.

Fanya hivi. Toa plagi zote 6, na kwanza andika namba kwenye kila waya. Mpangilio wa kuwaka wa L24 ni 1-5-3-6-2-4, na silinda namba 1 ni ile ya mbele. Mimina oili kidogo, kiasi cha vijiko viwili, kwenye kila tundu la plagi. Acha ikae siku moja au mbili.

Gari likiwa halina gia, zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele, kufuata mwelekeo wa saa. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Usiongeze bomba refu kwenye spana ili upate nguvu.

Ikizunguka kwa wepesi, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, tia oili mpya. Mwaga petroli yote iliyooza. Utaitambua kwa harufu kama ya vanishi. Safisha tangi, badilisha mipira ya petroli na filta yake. Mpira wa petroli uliokauka juu ya injini ya moto ni chanzo cha magari mengi kuungua.

Kisha piga stata plagi zikiwa nje, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo urudishe plagi na kuwasha. Kaa na ndoo ya mchanga au kizima moto karibu.

Jambo la maji ya rejeta ni zito kwa injini hii. Silinda hedi ya aluminiamu haipatani na maji matupu ya kisima au mto. Madini na chumvi vyake huitafuna kwa ndani, na siku moja maji huingia kwenye oili. Tumia kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Na injini ikichemka, zima palepale. Hedi ya aluminiamu hupinda kwa joto, na dakika tano za "tufike tu pale sokoni" zinaweza kugharimu hedi nzima.

Hatua ya nne: kuifanya itulie

Injini ya L24 haina kompyuta. Karibu kila kitu kinarekebishwa kwa spana, bisibisi na fila geji. Ndiyo raha yake kwa mtu wa nyumbani. Fuata mpangilio huu: valvu, kisha umeme wa plagi, kabureta mwisho. Anayeanza na kabureta huzunguka siku nzima akirekebisha kosa lililo mahali pengine.

Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 kwa valvu ya kuingizia na 0.25 kwa ya kutolea. Ikiwa ya moto ni 0.25 na 0.30. Pointi za distributa ziwe kati ya 0.45 na 0.55, na plagi kati ya 0.8 na 0.9. Hivi ni vipimo vya L24. Kwa gari jingine tafuta kitabu chake.

Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Fundi mzoefu huweka ncha ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kila kabureta na ncha nyingine sikioni, akasikiliza mlio. Milio ikilingana, kabureta zimelingana. Kagua pia oili nyepesi iliyo kwenye kifuniko cha juu cha kila kabureta. Ikikauka, gari hukwama unapokanyaga mafuta ghafla.

Habari njema ni kwamba L24 ina ndugu. Injini za silinda 4 za L16 na L18, zilizotumika katika Datsun 1600, 160J na 180B, ni za ukoo huohuo. Fundi wa mjini aliyezoea Datsun hizo atailewa injini hii haraka, na baadhi ya vipuri vidogo vinaingiliana. Mtafute mapema, kwa sababu wengi wao sasa ni wazee. Tena mpeleke kijana wako akashike tochi na kujifunza.

Nyaya nazo zisiachwe. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi na boksi la fyuzi, navyo hupata joto na kuyeyuka vikichoka. Safisha miguso ya fyuzi. Fundi umeme anaweza kuongeza relei ili swichi ipumzike. Usifunge fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya sigara. Fyuzi inaungua ili gari lisiungue.

Hatua ya mwisho: rangi na ndani

Sasa ndiyo zamu ya rangi. Gari limeshatembea kwa miezi kadhaa, hakuna kinachovuja, hakuna mahali utakapolazimika kukata tena. Pesa ya rangi haitapotea. Kabla ya rangi badilisha mipira ya milango na vioo, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yasirudi sakafuni. Viti na mazulia viwe vya mwisho kabisa.

Kulitunza baada ya hapo

Liendeshe angalau mara moja kila wiki mbili, kwa muda wa kutosha injini kupata joto kamili. Kuwasha dakika tano na kuzima huacha unyevu kwenye oili na kwenye ekzosi, na hudhuru kuliko kuliacha.

Kila wiki kagua oili, kulanti, mafuta ya breki na upepo wa matairi. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, au mara moja kwa mwaka kama hulitembezi sana.

Lihifadhi penye hewa. Usilifunike kwa turubai la plastiki lililogusa bodi, kwani linafungia jasho ndani. Kitambaa kinachopitisha hewa ni bora. Usiliache juu ya nyasi au udongo wenye unyevu. Kuku wasilale juu yake, maana kinyesi chao hula rangi. Mahindi yasihifadhiwe banda moja nalo, kwa sababu panya akishamaliza gunia huhamia kwenye nyaya.

Kwa ufupi

Chunguza kabla ya kutumia pesa. Bodi kwanza, breki pili, injini tatu, rangi mwisho. Fanya mwenyewe usafi, oili, plagi, msasa na picha. Mwachie fundi kuchomelea mihimili na kazi ya giaboksi. Na hata kama breki umezifunga mwenyewe, mwite fundi azikague kabla hujaingia barabarani.

Kwa anayeuliza kama alifufue gari la mzee, tunamwambia asianze na duka la rangi. Aanze kwa kunyanyua zulia. Akikuta bati zima, ana gari. Akikuta matundu, walau ameujua ukweli kabla pesa haijatoka mfukoni.